Chungwa la Soko na Chungwa la Kiwanda: Uchambuzi wa Kisa cha Chama cha Wakulima Wilayani Muheza

Kisa hiki kinahusu chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa michungwa katika kata moja ya wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Chama hicho kiliingia mkataba wa msimu mmoja wa kukiuzia machungwa kiwanda cha juisi chenye wateja nje ya nchi, kikashindwa kutimiza zaidi ya nusu ya ahadi yake, kisha kikajipanga upya kwa namna ambayo inastahili kuelezwa kwa wakulima wengine. Majina ya kata, chama, kiwanda na watu yameondolewa, na viwango vya mzigo vimebadilishwa kwa uwiano mmoja ili visimtambulishe yeyote. Nilikuwa mshauri wa chama tangu mazungumzo ya kwanza, kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyakosoa hapa niliyaunga mkono mwenyewe.

Usuli

Mtanzania akitaja machungwa, jina linalofuata mdomoni ni Muheza. Michungwa imetanda kwenye tambarare na vilima vilivyo chini ya Usambara Mashariki, mingi ikiwa ya Valencia, ikichanganyika na Msasa, Navel na mingine ambayo majina yake wenye mashamba wameyasahau. Mavuno makubwa huanza mwezi wa tano na kuendelea hadi wa nane, na mavuno madogo huja kuelekea mwisho wa mwaka. Chungwa la huku hukomaa likiwa na ganda la kijani, kwa sababu kijani cha ganda hakiondoki pasipo usiku wa baridi, na ukanda wa pwani hauna usiku wa namna hiyo. Mnunuzi wa Dar es Salaam au wa Mombasa analijua jambo hili na halimsumbui. Hata hivyo, lina maana kubwa kwa kisa chetu: mchumaji wa Muheza hawezi kutegemea rangi ya ganda kujua kama chungwa limekomaa.

Biashara yake ina desturi zake za siku nyingi. Chungwa huuzwa kwa hesabu na si kwa uzito, bei ikitajwa kwa tunda moja au kwa mia. Mnunuzi huja na gari na wachumaji wake, huchagua miti, huchuma, huhesabu, hulipa fedha taslimu palepale chini ya mti, kisha mzigo huelekea Dar es Salaam au huvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule mwezi Januari huuza mazao yangali maua au vichungwa vichanga, na kuanzia siku hiyo miti ni yake kwa jina tu hadi mavuno yaishe.

Shida iliyowasukuma wanachama kutafuta kiwanda ilikuwa ya kweli. Kila mwaka, mashamba yote yanapokomaa kwa pamoja, bei huporomoka kiasi kwamba gharama ya kuchuma na kubeba hadi barabarani huzidi thamani ya tunda. Nimepita katika mashamba ya kata hiyo mwezi wa saba na kukuta ardhi imefunikwa na machungwa yanayooza, huku mwenye shamba amekaa barazani akisubiri gari ambalo halikuja. Anayewalaumu wakulima hawa kwa kukimbilia mkataba bila kuusoma vizuri, kwanza akumbuke harufu ya mashamba hayo.

Mkataba na sababu za kuusaini

Kiwanda kilihitaji tani 15 kwa wiki kwa muda wa wiki kumi. Bei ilipangwa kwa kilo na haikubadilika msimu mzima. Sukari katika juisi haikutakiwa kushuka chini ya nyuzi 10 za Brix, yaani gramu kumi za vitu vilivyoyeyuka, sehemu kubwa ikiwa sukari, katika kila gramu mia za juisi. Usafiri ulikuwa juu ya chama. Malipo yangefanyika siku thelathini baada ya mzigo kupokelewa. Mkataba haukusema lolote juu ya mzigo utakaokataliwa: nani angebeba gharama yake, wala gari lingesubiri getini kwa muda gani.

Kamati ya chama ilikubali kwa hoja moja kuu, ambayo katibu aliieleza vizuri katika mkutano mkuu, kwamba bei ya wastani yenye uhakika ina faida kuliko bei nzuri ya wiki mbili inayofuatwa na miezi miwili ya hasara. Niliiunga mkono hoja hiyo, na bado naiona ni hoja nzuri. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukufanya hesabu iliyopaswa kuitangulia. Machungwa matano ya Muheza hukaribia kilo moja, kwa hiyo tani 15 ni machungwa 75,000 kila wiki, na mkataba mzima ni machungwa 750,000. Hakuna aliyeitamka hesabu hiyo katika mkutano ule. Idadi ya miti ilichukuliwa kwenye fomu za kujiunga na chama, ambazo wanachama wengi walizijaza kwa kukadiria, na ndani yake mlikuwamo miti ambayo mazao yake yalikwisha kuuzwa tangu yakiwa maua.

Gari la kwanza

Gari la kwanza liliondoka mwanzoni mwa mwezi wa tano, masika yakiwa hayajakatika. Wachumaji walifanya kama walivyozoea. Walipanda mtini, wakavuta matunda kwa mkono na kuyaangusha, wakamaliza mti mmoja na kwenda mwingine bila kuchagua. Mengine yalichumwa yakiwa na maji ya mvua, yakamwagwa ndani ya gari bila matenga, na yale ya chini yakabeba uzito wa yote.

Kiwandani sampuli ilisoma chini kidogo ya nyuzi 9. Mzigo ulikataliwa. Dereva alilala getini usiku wa kwanza na wa pili wakati mwenyekiti akibembeleza kwa simu, na siku ya tatu machungwa, ambayo sasa yalikuwa yameanza kuota ukungu, yaliuzwa kwa wachuuzi wa barabarani kwa bei isiyofikia hata nauli ya gari.

Katika kikao kilichofuata, mjumbe mmoja alipendekeza kwamba mzigo unaofuata uwekwe ghalani siku kadhaa ili uzidi kuiva kabla ya kupelekwa. Pendekezo hilo lilipata wafuasi wengi, na halikuwa la kipuuzi kwa watu wanaolima pia ndizi na maembe, matunda ambayo huendelea kuiva yakishachumwa. Chungwa haliko hivyo. Sukari yake hutoka kwenye majani, na kikonyo kikikatwa mlango huo umefungwa. Chungwa lililochumwa likiwa na nyuzi 9 halitafika nyuzi 10 kwa kukaa ghalani, litapungua maji na kuzeeka tu. Ilinichukua muda kueleweka, na aliyenisaidia ni mama mmoja mwanachama aliyeuliza, “Jamani, nani hapa amewahi kuvundika chungwa chachu likawa tamu?” Hakuna aliyejibu.

Gari la pili lilipokelewa, lakini kukaja lalamiko jingine: juisi iliyokamuliwa asubuhi ilikuwa nzuri, na kufikia siku ya pili imekuwa chungu. Kulikuwa na Navel ndani ya mzigo. Chungwa la Navel ni tamu kwa kumenya na kula, lakini juisi yake hutengeneza uchungu saa chache baada ya kukamuliwa, na ndiyo sababu viwanda hupendelea Valencia. Wanachama wenye Navel walikuwa wamewapa kiwanda tunda walilolithamini kuliko yote.

Kupima kabla ya kuchuma

Uamuzi uliofuata ndio bora kuliko yote yaliyofanywa msimu ule. Kamati ilikata sehemu ya fedha za viingilio ikanunua refraktomita ya mkononi, kifaa kidogo cha kupimia sukari kinachotosha mfukoni, ambacho hudondoshewa tone la juisi na kusomwa kwa kuelekezwa kwenye mwanga. Wanachama wawili, wote wanawake, walifundishwa kukitumia. Utaratibu ukawekwa kwamba hakuna shamba linalochumwa kwa ajili ya kiwanda kabla ya wapimaji kupita, kuchukua matunda kumi kutoka pande zote za miti kadhaa, kuyakamua pamoja na kuandika kipimo kwenye daftari. Shamba lisilofika nyuzi 10 lilipewa tarehe ya kupimwa tena. Wachumaji walipewa mikasi na matenga, na siku ya mvua haikuwa siku ya kuchuma.

Wazee hawakulipokea jambo hili kwa wepesi. Mmoja wao, aliyepanda michungwa yake kabla wapimaji hawajazaliwa, alimwambia mdogo wa wale wawili, “Mwanangu, mimi chungwa nalijua kwa kulishika, tangu lini likapimwa na kioo?” Binti alimjibu kwa adabu, “Shikamoo babu, naomba unichagulie wewe mwenyewe, halafu tulipime pamoja.” Mzee alichagua matano, na manne yalisoma juu ya nyuzi 10. Kisha akaombwa achague matano ambayo hayajakomaa, na hapo pia alikosea moja tu. Nalieleza hili kwa sababu linaonyesha kwamba ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuutumia pale kundi la vibarua linapolipwa kwa idadi na kuharakisha kumaliza mti.

Magari manne yaliyofuata yalipokelewa yote.

Mwezi wa mfungo

Msimu ule ulikutana na Ramadhani. Katika mwambao mzima, kuanzia Tanga hadi Mombasa, futari haikamiliki bila kitu cha kunywa chenye utamu, na chungwa hutafutwa kuliko wakati mwingine wowote. Wanunuzi walifika kata ile wakiwa na bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya mkataba, fedha zikiwa mkononi, wakati malipo ya kiwanda kwa gari la pili yalikuwa bado hayajaingia. Wiki ya kwanza ya mfungo chama kilipata nusu ya gari. Wiki ya pili hakikupata kitu.

Kamati iligawanyika. Katiba ya chama iliruhusu kumtoza faini mwanachama anayeuza nje ya mkataba, na wajumbe watatu walitaka itumike mara moja ili kulinda jina la chama mbele ya kiwanda. Mwenyekiti alikataa. “Ndugu zangu,” alisema, “tukiwatoza faini wote waliouza, na sisi wenyewe baadhi yetu tumo, mwakani hatutakuwa na chama, tutakuwa na daftari la madeni.” Faini haikutozwa. Wakati ule niliuona uamuzi huo kuwa wa udhaifu, na nilisema hivyo. Leo naona ulikiokoa chama, kwani mwanachama hakuwa amekataa kushirikiana na wenzake. Alikuwa amekataa kuuza kwa bei ya chini, kwa malipo ya mwezi ujao, tunda ambalo mtu mwingine alikuwa tayari kulilipia zaidi siku hiyohiyo.

Njia ya kutoka ilionekana shambani na si kwenye kikao. Wanunuzi wa soko walipokuwa wakihesabu, waliacha nyuma marundo ya machungwa madogo na yale yenye makovu na ukurutu kwenye ganda, ambayo hakuna mteja wa Mombasa anayeyataka. Mmoja wa wapimaji aliyapima yale madogo kwa hiari yake tu, akakuta yanasoma juu ya yale makubwa ya mti uleule. Hilo si ajabu kwa wanaoijua michungwa, kwani tunda dogo mara nyingi hukusanya sukari zaidi katika juisi yake. Katibu alikiomba kiwanda kipokee gari moja la majaribio la machungwa hayo, yaliyochambuliwa ili lisiingie tunda lililooza, lililopasuka au lililotobolewa na nzi wa matunda. Meneja alisita, kisha akakubali, na mzigo ukafaulu.

Matokeo

Mpaka wiki ya kumi inaisha, kiwanda kilikuwa kimepokea takriban tani 70 kati ya 150. Malipo yalichelewa zaidi ya siku thelathini zilizoandikwa, na wanachama kadhaa hawakurudi tena chamani. Msimu uliofuata pande zote mbili ziliandika makubaliano mapya, madogo kwa kiasi. Kiwanda kingechukua machungwa ya daraja la pili tu, yaani yale madogo na yenye makovu, malipo yangefanywa kila wiki, na bei ingepanda au kushuka kulingana na kipimo cha sukari cha kila gari. Mzigo wa kata moja haukutosha kujaza gari kila wiki, kwa hiyo chama kiliungana na vijiji viwili vya jirani kukusanya mahali pamoja. Makubaliano hayo yalidumu msimu mzima, hata pale bei ya soko ilipopanda, kwa sababu tunda lililoahidiwa kiwanda halikuwa lile lililotakiwa sokoni.

Uchambuzi

Tatizo la msingi lilikuwa kwamba tuliahidi kiwanda chungwa la soko. Ili kuona kwa nini ahadi hiyo isingeweza kudumu, inatosha kuifuata juisi hadi inakouzwa. Juisi inayosafirishwa kwa wingi kati ya nchi na nchi ni ile nzito, iliyoondolewa maji hadi kufikia nyuzi 65 au 66 za Brix, na tani moja yake huhitaji tani kumi hadi kumi na moja za machungwa. Bei yake haipangwi Tanga. Huongozwa na Brazil, ambayo hutoa takriban robo tatu ya juisi yote ya machungwa inayouzwa kati ya mataifa, kutoka mashamba makubwa ya jimbo la São Paulo na maeneo yanayopakana nalo, yaliyopandwa kwa ajili ya kukamuliwa. Tuseme tani ya juisi nzito inauzwa kwa dola 2,000, kiwango ambacho hakikuwa cha ajabu katika miaka iliyotangulia mtikisiko wa karibuni. Hata kama kiwanda kingefanya kazi bila umeme, bila mishahara na bila mapipa, kisingeweza kulipa zaidi ya dola 200 kwa tani ya matunda, yaani senti nne za dola kwa chungwa moja. Dola ilipokuwa shilingi 2,300, hizo zilikuwa shilingi 92. Toa gharama za kiwanda, toa nauli kutoka Muheza, na kinachobaki kwa mkulima hakiwezi kushindana na bei ya mwezi wa mfungo. Meneja hakuwa mchoyo na mkulima hakuwa msaliti. Hesabu hii ilipaswa kuandikwa ubaoni siku ya mkutano mkuu, na mtu wa kuiandika nilikuwa mimi.

Wapo watakaosema kwamba mambo yamebadilika. Ni kweli kwamba Florida huko Marekani, iliyovuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04, ilivuna chini ya milioni 20 msimu wa 2023/24, baada ya ugonjwa wa bakteria unaokausha michungwa kugunduliwa huko mwaka 2005, pamoja na vimbunga vilivyofuatana. Ugonjwa huohuo unaitesa Brazil, na mwaka 2024 bei ya juisi duniani ilipanda kuliko wakati wowote uliowahi kurekodiwa. Nimesikia watu Muheza wakisema kwamba huu ndio wakati wa kujenga kiwanda kikubwa. Ningewasihi waangalie mambo mawili. Kiwanda kinachokula machungwa miezi minne na kulala miezi minane hakilipi mkopo wake, labda kiwe kimepangiwa tangu mwanzo maembe, nanasi na pasheni za kujaza kalenda. La pili, mdudu wa Asia anayeeneza ugonjwa ulioiangusha Florida aliripotiwa kuonekana Tanzania mwaka 2016. Shehena ya miche isiyokaguliwa inaweza kuuingiza ugonjwa huo mashambani kwetu kwa siku moja, na miche mingi ya Muheza bado hununuliwa kandokando ya barabara bila kuulizwa ilikotoka.

Miche inagusa pia suala la sukari. Michungwa mingi hapa imebebeshwa kwenye shina la limau lenye ganda la mikunjo, kwa sababu shina hilo hukua haraka, huvumilia ukame na huzaa matunda makubwa. Gharama yake ni kwamba juisi huwa na sukari kidogo kuliko ya mchungwa uliobebeshwa kwenye mashina mengine. Kwa soko linalonunua kwa hesabu, chungwa kubwa ni ushindi. Kwa kiwanda kinachonunua sukari, mkulima alikwisha kupoteza sehemu ya bei siku aliyopanda mche, miaka mingi kabla ya mkataba.

Upimaji ulifanikiwa kwa sababu ulifanywa na wanachama wenyewe, shambani, kabla ya gharama ya nauli kuingia. Kipimo kingebaki kiwandani, kingeendelea kuwa hukumu inayotolewa na mtu wa mbali. Daftari la wapimaji limekuwa na faida nyingine ambayo hatukuitarajia, kwani kwa mara ya kwanza chama kinajua kila shamba lina miti mingapi hai, ya aina gani, na hukomaa wiki ipi. Kutokana nalo imeonekana kwamba sehemu kubwa ya miti ni mikongwe, na wanachama wengine wameanza kurudishia miche mipya. Limeonyesha pia kwamba mashamba ambayo wenyewe wanaacha sisimizi wa majimoto wajenge viota mitini yana matunda machache yaliyotobolewa na nzi, jambo ambalo wazee walikuwa wakilisema na vijana wakiwachoma majimoto hao kwa sababu wanauma wakati wa kuchuma.

Eneo ambalo chama hakijalitatua ni fedha za mwezi Januari. Mkulima aliyeuza maua hana chungwa la daraja lolote la kupeleka popote, na karibu theluthi moja ya miti iliyoandikwa kwenye daftari ilikuwa katika hali hiyo. Msimu wa tatu kamati ilitenga mkopo mdogo wa ada ya shule, unaorejeshwa kwa mzigo wakati wa mavuno. Wanachama kumi na mmoja waliuchukua. Saba wamerejesha, wanne bado wanadaiwa, wawili kati yao wakiwa wamekopa chamani na kuuza maua pia, na kamati haijaamua kama mkopo huo utatolewa tena Januari ijayo.